Gari Lililopiga Kigelegele Msibani

Breki zinazolia si habari katika nyanda za juu kusini, ambako barabara ama inapanda ama inashuka. Mtu anayeishi kando ya barabara ya Uyole kwenda Tukuyu huyasikia malori yakilalamika usiku kucha na bado akalala usingizi wake. Breki za gari langu zilikuwa na tabia nyingine: zilipiga kigelegele, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Nilipokanyaga pedali mwishoni mwa mteremko mrefu, gurudumu la mbele la kushoto lilitoa sauti nyembamba iliyopanda juu, ikaanza kukatikakatika kwa lu-lu-lu-lu ya haraka, na kadiri mwendo ulivyopungua ndivyo na ulimi ulivyolegea, hadi gari liliposimama na sauti ikajifunga kwa mkwaruzo mfupi, sawasawa na shangazi aliyeishiwa pumzi.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya Series III, ambayo kiwandani ilitoka na breki za dramu, zile zinazobana kutoka ndani ya ngoma ya chuma, katika magurudumu yote manne. Nililinunua nilipostaafu kufundisha fizikia, kwa nia ya kuteremsha viazi kutoka Isyonje hadi soko la Mwanjelwa. Injini yake ya asili ilikuwa imekwisha ondolewa na mwenye gari aliyenitangulia, na mahali pake pamewekwa injini ya dizeli ya Toyota, jambo ambalo huku kwetu halimfanyi mtu ageuze shingo. Tatizo ni kwamba injini mpya ilikuwa na nguvu ya kulipandisha gari likiwa na lumbesa za kutosha, ilhali dramu za zamani hazikuwa na nguvu ya kuliteremsha likiwa na lumbesa hizohizo. Fundi wangu, ambaye gereji yake iko chini ya mparachichi mmoja mkubwa jijini Mbeya, alinishauri tutafute ekseli ya mbele ya Land Rover One Ten, kwa kuwa aina hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, ina breki za diski mbele. Ekseli ikapatikana. Ilikuwa imezoea kukaa chini ya springi za koili, hivyo fundi akaichomelea vikalio vipya ili ikubali springi zetu za majani. Ilikuja bila yale mabati ya kukinga vumbi na matope yanayokaa nyuma ya diski, na nilipouliza, fundi alinijibu, "Mwalimu, hilo usijali."

Breki zilishika vizuri mno. Wa kwanza kuithibitisha ile sauti nyingine walikuwa akina mama wa kamati ya sendofu moja mjini Tukuyu, ambao waliniomba nibebe kreti za soda. Ukumbi ulikuwa chini ya barabara, na wanawake walikuwa wamejipanga nyuma ya mlango na maagizo mepesi: wakisikia kigelegele nje, bibi harusi amefika, na wao waitikie. Nilikanyaga breki. Ukumbi mzima uliitika, mshereheshaji akaamuru muziki, watu wakasimama kwa heshima, milango ikafunguliwa kwa pande zote mbili, na mimi nikaingia na kreti ya Fanta begani. Mtu fulani alikuwa amekwisha nirushia maua. Hakuna utaratibu unaoeleza namna ya kuketi tena baada ya kumpokea kwa shangwe mzee mwenye kreti, kwa hiyo walibaki wamesimama na muziki ukaendelea, nami nikatembea hadi jukwaani kwa sababu mpiga picha alikuwa akinionyesha kwa mkono niendelee mbele.

Baada ya hapo nililirudisha gari chini ya mparachichi, na sayansi ikaanza. Fundi alisema ni pedi. Fundi mwenzake aliyekuja kuazima spana alisema ni kutu ya usiku, kwa maana diski ya chuma ikilala kwenye ukungu wetu hushika kutu nyepesi na kulia asubuhi. Alikuwa sahihi kuhusu kutu, lakini kutu hiyo hufutika baada ya kukanyaga breki mara chache, na gari langu lililia jioni kuliko asubuhi. Wa tatu, ambaye hakuwa fundi bali muuza karanga, alisema gari limerogwa na watu wenye dramu.

Kwa haki yake, fundi hakukosea kuanza na pedi. Pedi inapobana diski hainati wala haitelezi moja kwa moja. Hunata na kuachia, hunata na kuachia, na mtetemo huo ukizidi mara 1,000 kwa sekunde sikio huusikia kama filimbi. Ni ugonjwa wa tangu mwanzo. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na kwa kuwa pedi zake zilikuwa za shaba zikisuguana na chuma kitupu, zilipiga kelele za kutisha. Mwaka 1907 Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, alizitia pedi utando wa asbesto na kelele ikapungua, na ilichukua miaka mingi kabla dunia haijakiri kwamba asbesto ni adui wa mapafu. Nilimweleza fundi historia hiyo akiwa amelala chini ya gari. Aliniomba nimpe msasa.

Alisugua uso wa pedi uliokuwa umeng'aa. Akachonga kingo zake kwa mshazari, akapaka grisi ya kuvumilia moto mgongoni mwa pedi na kwenye pini za kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, akaweka na vibati vyembamba vya kumeza mtetemo. Kila hatua ilikuwa sahihi, na kila hatua ilipokamilika tulilizungusha gari mbele ya gereji likawa kimya kabisa. Nililipa. Nilipofika mteremko wa kwanza wa maana, likapiga kigelegele.

Nilikuwa na hoja yangu, na naomba iandikwe kwamba niliitoa mapema. Tairi la 7.50-16 likizunguka mara moja hutembea takriban mita mbili na nusu. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, gurudumu huzunguka mara nne na nusu hivi kila sekunde. Niliwasihi watu wenye masikio mazuri wahesabu zile lu-lu kwa mwendo huo, na zilikuwa nne na nusu hivi kila sekunde. Maana yake ni kwamba kitu fulani kilikuwa kikigusana na kingine mara moja kila gurudumu lilipozunguka, na pedi inayolia yenyewe haina sababu ya kuchagua sehemu moja ya mzunguko. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, breki haijui hesabu."

Ndipo likatokea la msiba.

Mama mzazi wa mwalimu mwenzangu alifariki akiwa ameshiba siku zake, katika kijiji kilicho chini ya Isyonje, upande wa kwenda Kiwira. Niliombwa kuleta viti na maturubai kutoka mjini. Kutoka Isyonje barabara inashuka, na njia ya kwenda nyumbani kwa marehemu inashuka zaidi. Nilipokaribia lango nilizima injini kwa heshima, nikaliacha gari lijivute hatua zile chache za mwisho. Sikujua kwamba wakati huohuo mchungaji alikuwa amesema tuinamishe vichwa na tufumbe macho, wala kwamba waombolezaji, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja. Nikakanyaga breki.

Kilikuwa kigelegele kirefu, chenye furaha ya wazi. Macho yalipofumbuliwa, watu waliona mambo mawili. La kwanza ni Land Rover iliyosimama kimya, injini imezimwa. La pili ni mke wa mtoto wa pili wa marehemu, aliyekuwa ametumwa langoni kupokea viti, amesimama peke yake hatua mbili kutoka kwenye gari, mdomo wazi. Alikuwa ameachama kwa mshangao. Lakini ukoo mzima ulijua kwamba yeye na mama mkwe wake hawakuwa wakisalimiana kwa sababu ya mpaka wa migomba, na ukoo mzima ulifanya hesabu yake haraka kuliko nilivyofanya mimi ya tairi.

Nilishuka na kusema ni breki. Mzee wa ukoo aliniambia kwa upole nisubiri wazike kwanza. Walizika, wakala, na jua lilipoanza kuinama aliwaita wazee wenzake wakaketi kwenye viti vilevile nilivyovileta, akasema, "Mwalimu, tunakuheshimu. Tuonyeshe gari linalopiga vigelegele."

Nililirudisha nyuma hadi barabarani, nikaliteremsha, nikakanyaga. Kimya. Nikarudia kwa kasi zaidi, kisha taratibu, kisha kwa kukanyaga ghafla hadi kiti kilichobaki nyuma kikaanguka. Gari lilikuwa limetulia kuliko magari yote ya mkoa huu. Wazee walinong'onezana, na mzee wa ukoo akatoa uamuzi kwamba mwalimu ni mtu mwema anayejaribu kumfunika huyu binti kwa uongo wa hisani. Ningeweza kuubeba uongo huo, lau mzee wa pili asingeuliza swali lililofuata kimantiki, yaani, kwa nini mwalimu amfunike? Mke wangu alikuwa jikoni na wenzake. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama pembeni, akalisubiri jibu pamoja na wazee.

Mke yule wa mtoto wa pili alilia, akaapa, akasema hata kupiga kigelegele hajui, jambo ambalo mashahidi wa harusi kadhaa walilikanusha papo hapo. Shauri likaahirishwa hadi siku ya kuanua matanga. Safari ya kurudi Mbeya niliendesha nikiwa na mke wangu kando yangu. Tulipofika mteremko wa kwenda Uyole gari lilipiga kigelegele kwa sauti yote, nikamgeukia kwa matumaini. Alisema, "Mimi si mzee wa ukoo. Wao ndio walioambiwa uongo."

Kesho yake fundi alifurahi sana kusikia kwamba breki zimenyamaza msibani, akasema ule ni uthibitisho kwamba grisi imeanza kufanya kazi. Ilinibidi nimweleze kwamba sitaki gari lipone. Nataka liugue, liugue mbele ya wazee, kwa saa niliyopanga mimi. Fundi ni mtu aliyezoea wateja wanaolipia ukimya. Alikaa juu ya tairi kwa muda, parachichi likaanguka karibu naye wala hakulitazama, kisha akasema kwamba ili uiite sauti lazima kwanza uijue inapokaa.

Mafundi wana mbinu ya zamani ya kutafuta kelele: mwisho mmoja wa mpira wa maji sikioni, mwisho mwingine karibu na kifaa kinachoshukiwa. Kwa gari lililosimama ni mbinu salama na ya busara. La kwetu lilinyamaza kila liliposimama gereji, kwa hiyo fundi alimtaka kijana wake akae juu ya bawa la mbele la kushoto, yaani madigadi, ameshika kioo kwa mkono mmoja na mpira kwa mwingine, mwisho wa mpira ukiwa umefungwa kwa waya nyuma ya gurudumu. Tulipanda kuelekea Isyonje, tukageuza, tukaanza kushuka mwendo wa maiti. Kigelegele kilikuja. Kijana alipaza sauti kwamba anasikia, na alipoulizwa anasikia nini, alisema anasikia harusi.

Karibu na Uyole askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono. Nilisimama, na gari likajitangaza lenyewe kama kawaida yake. Askari alimtazama kijana, akafuata mpira kwa macho kutoka sikioni hadi gurudumuni, akaniuliza, "Mzee, huyu ni abiria au ni daktari?"

Nilimweleza kila kitu, pamoja na msiba, kwa kuwa mtu mwenye kosa la wazi kama lile hana cha kuficha. Afande alisikiliza, akamwomba kijana ashuke, akaushika mpira yeye mwenyewe na kuutia sikioni chini ya kofia. Aliniamuru nisogee mbele polepole naye akitembea kando, mpira ukimvuta kidogo. Magari yaliyokuwa nyuma yetu yalipunguza mwendo kwa adabu kubwa. "Kanyaga breki," alisema, nikakanyaga, likalia. "Sasa achia." Nikaachia. Liliendelea kulia, kwa sauti ndogo zaidi, lu, lu, lu, kwa hatua za afande.

Aliutoa mpira sikioni. "Breki umeiachia, na bado linalia. Basi si pedi. Kuna kitu kinakwaruza." Kisha akaniandikia faini ya shilingi 30,000 kwa kubeba mtu juu ya bawa, na nilimlipa kwa moyo mweupe, kwani mafundi wote kabla yake walikuwa wamenigharimu zaidi na hakuna aliyewahi kuniambia niachie breki.

Tulipiga jeki palepale pembeni, gurudumu likiwa bado na joto la kuunguza mkono, tukalitoa. Nyuma ya diski palikuwa na bati la kukinga vumbi ambalo sikuwahi kulilipia kwa jina. Fundi alikuwa amelikata kwa mkasi kutoka kwenye debe la mafuta ya kula na kulifunga kwa bolti juu na chini. Upande wa nje bado lilisomeka kwa herufi nyekundu: HAINA LEHEMU. Bati jembamba lililobanwa ncha zote mbili haliwezi kurefuka likipata moto, kwa hiyo hujikunja, na hili lilijikunja kuelekea kwenye diski. Ukingo wake ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kwa umbo la mwezi mwandamo. Beringi nayo ilikuwa na uchezo kidogo, na diski ilikuwa imepinda kidogo sana, hivyo kila mzunguko sehemu iliyopinda ililigusa bati mara moja na kuliacha. Ukikanyaga breki, uchezo wa beringi uliisogeza diski karibu zaidi, na ndiyo maana kigelegele kilipaa. Tulipokuwa tumeinama kutazama, bati lilipoa, likasema "tik", likarudi mahali pake, na kati yake na diski pakaonekana nafasi ya kupitisha ukucha. Gari likawa zima mbele ya macho yetu.

Fundi alinyamaza, akasema, "Nilikuambia usijali." Kisha akachukua mkasi alikate. Nilimshika mkono. Lile lilikuwa bati lenye thamani kuliko ekseli nzima, kwa maana ndani yake kulikuwa na heshima ya mke wa mtu na amani ya nyumba yangu.

Siku ya kuanua matanga niliamka mapema. Dereva yeyote wa milima hii hufundishwa kwamba mlima unashuka kwa gia ileile ambayo ungeupandia, ili injini ndiyo ishike gari na breki zipumzike, kwa sababu breki zikichemka kupita kiasi huacha kushika. Siku hiyo nilifanya kinyume, gari likiwa tupu, mwendo ukiwa mdogo, mguu ukiwa juu ya breki kwa makusudi kuanzia Isyonje, na fundi kando yangu akinusa harufu ya pedi na kunung'unika kwamba hata mnyama hateswi hivyo. Nyumbani kwa marehemu mzee wa ukoo alikuwa amejiandaa kuliko mahakama. Aliwapanga wazee langoni na kuwaamuru wafumbe macho, ili mazingira yawe yaleyale. Mke wa mtoto wa pili aliwekwa katikati yao, na shemeji wawili wakamziba mdomo kwa viganja vyao.

Nilizima injini, nikajivuta hadi langoni, nikakanyaga. Nimekisikia kigelegele hicho mara nyingi, lakini kile cha siku hiyo kilikuwa bora kuliko vyote. Kilipanda, kikatetema, kikapita juu ya migomba, na jikoni wanawake wawili wasiokuwa na habari wakakiitikia. Mke wangu hakuwa mmoja wao. Alitoka kama mara ile, mwiko mkononi, akalitazama gurudumu la kushoto kwa muda mrefu, akarudi ndani bila neno, na jioni hiyo nilipakuliwa nyama.

Wazee walifumbua macho. Mzee wa ukoo alitangaza kwamba binti hana hatia. Aliongeza kwamba kigelegele hata hivyo kimepigwa msibani, kwamba gari halina mdomo lakini mwenye gari anao, na kwamba nitaleta jogoo. Nilijaribu kueleza habari ya bati, joto na beringi. Alisema jogoo mkubwa.

Fundi alilitoa bati pale pale uani, na mzee akalidai kama kielelezo. Alilishika kwa pembe, akasoma HAINA LEHEMU kwa sauti ili wote wasikie, akalikunja kwapani, akafunga kikao kwa sala. Gari lilikuwa limewekewa mawe mbele na nyuma, gurudumu la kushoto halimo, diski imepoa. Alipotamka amina, mke wa mtoto wa pili, ambaye alikuwa amevumilia mengi tangu siku ya maziko, aliachia kigelegele cha kwake mwenyewe, kirefu, cha kutoka moyoni, hadi kuku wakatawanyika.

Mzee hata hakugeuka. "Mwalimu," alisema, "zima hilo gari."